Sura ya 4: Hiki Kinachoanguka ni Nini?

Kila baada ya muda swali hurudi: je, theluji inaweza kuanguka Nyandarua, Kericho au hata Nairobi? Aghalabu huja na video ya simu. Shamba la viazi limegeuka jeupe, watoto wanafinyanga mabonge na kurushiana, na mwenye simu anaapa kwamba dunia imefika mwisho. Septemba 2008 jambo hilo lilitokea Busara, kijiji kilicho karibu na Nyahururu. Mteremko ulifunikwa na barafu, watu wakamiminika kuitazama, habari ikavuka hadi vyombo vya nje. Wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kwamba ile ilikuwa mvua ya mawe, vipande vyake vimeshikamana vikawa tandiko moja. Maelezo hayo hayakuua swali. Kitu ni cheupe, ni baridi, kimelala ardhini. Kama si theluji, ni nini?

Anayeuliza hivyo ana haki ya kuuliza, ila ameshika ushahidi usiofaa. Weupe na ubaridi ni sifa za barafu yoyote, iwe imetoka mawinguni au kwenye friji ya muuza samaki. Mtazamaji wa hali ya hewa, yaani yule mtumishi wa kituo anayetoka nje kila saa, mchana na usiku, kuandika hali ya anga, hafuati rangi. Anataka kujua kitu kimeangukaje: ukubwa wake, mwendo wake, sauti yake kinapogonga, na wingu lililokitoa. Ukizoea maswali hayo manne, mengi yanayobishaniwa kwenye makundi ya WhatsApp utayaamua ukiwa barazani kwako.

Kwa nini haikuwa theluji

Tuanze na joto la hewa. Kadiri unavyopanda juu, hewa hupoa. Katika nchi zetu za ikweta, kimo ambacho joto hufika nyuzi 0 za Selsiasi kwa kawaida huwa kati ya mita 4,500 na 5,000 juu ya usawa wa bahari. Nyahururu iko kwenye mita 2,300 na kitu. Theluji ni fuwele za barafu: vipande vyembamba, vya pembe sita, vyepesi mno, vinavyoshuka kwa mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde. Fuwele ikishavuka kile kimo cha nyuzi 0 huyeyuka ndani ya mita mia chache. Ili ifike Nyahururu ingali theluji, ingelazimika kuelea katika hewa ya joto kwa zaidi ya kilomita mbili na kwa zaidi ya nusu saa. Haiwezi. Inageuka tone la mvua njiani, na kwa kweli sehemu kubwa ya mvua inayotulowesha kutoka kwenye mawingu ya radi ilianza safari yake ikiwa barafu.

Jiwe la mvua lina mwendo mwingine kabisa. Lenye upana wa sentimita moja huanguka kiasi cha mita 10 kwa sekunde. Umbali uleule ambao fuwele ya theluji ingeutembea nusu saa, jiwe huumaliza kwa dakika nne hivi. Ngozi yake ya nje inayeyuka, kiini kinafika.

Halafu kuna namna ya kuanguka. Theluji haina kelele. Mtu anaweza kulala ikaanguka usiku kucha asijue. Mawe chini ya paa la bati hayaachi mtu asikie mwenzake. Basi, ukikutana na weupe shambani, fanya hivi kabla ya kupiga picha:

- Waulize waliokuwepo kama walisikia bati likigongwa, na kama vipande vilidunda vilipofika chini. Theluji haidundi.
- Kata kipande kikubwa katikati kwa kisu. Jiwe la mvua mara nyingi huonyesha matabaka, jingine kama kioo na jingine kama maziwa, kwa sababu lilipita sehemu tofauti za wingu huku maji yakiliganda tabaka kwa tabaka.
- Kifinye kwa vidole. Kikivunjika upesi na kuwa chenga, huenda ni vidonge vya theluji: punje nyeupe zisizofika nusu sentimita, ambazo ni fuwele zilizovikwa matone yaliyoganda juu yake.

Hivi vidonge vya theluji wapanda milima huvijua. Kwenye Kilimanjaro, wenye mita 5,895, na kwenye Mlima Kenya, wenye mita 5,199, huanguka pamoja na theluji yenyewe. Huko juu, na kwenye vilele vya Rwenzori, hakuna ubishi: theluji ya Afrika Mashariki ipo, ila makazi yake ni huko.

Msomaji aliye Toronto au Minneapolis ana kazi ngumu kuliko yetu. Majira ya baridi, joto likizunguka nyuzi 0, anaweza kupata mvua, theluji, chembe za barafu na mvua inayoganda katika mchana mmoja. Chembe za barafu ni matone yaliyoganda yangali hewani. Zikifika kwenye kioo cha gari hulia na kudunda. Mvua inayoganda huanguka ikiwa maji, kisha hugeuka barafu pale inapogusa barabara, tawi au waya wa umeme. Hii ndiyo hatari zaidi, ingawa kwa macho ni mvua ya kawaida tu. Januari 1998 iliangusha nguzo na minara ya umeme huko Quebec na Ontario, na mamilioni ya watu wakabaki gizani katikati ya baridi. Mtazamaji wa huko haridhiki kutazama dirishani. Hutoka akagusa matusi ya ngazi.

Kericho na kipimo cha mawe

Tukirudi kwetu, wenye uzoefu mkubwa zaidi wa mawe ni wakulima wa majani chai. Kericho na Nandi Hills hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mchana, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda kuelekea miinuko, hukutana na hewa ya upande wa pili, na ifikapo alasiri mawingu ya radi yameshasimama wima. Wingu la radi ni lile refu lenye kichwa kilichotandazwa, na ndilo pekee linalotoa mawe makubwa. Dakika chache za mawe huchana machipukizi ambayo mchumaji angeyavuna wiki ile. Hasara ilikuwa kubwa kiasi kwamba katika miaka ya 1960 na 1970 wenye mashamba waligharamia majaribio ya kupunguza mawe, ikiwa ni pamoja na kutuma ndege kumwaga ayodidi ya fedha mawinguni. Hiyo ni kemikali ambayo chembe zake husaidia maji kuganda, na nia ilikuwa kupata vipande vingi vidogo badala ya vichache vikubwa.

Kwa mtazamaji, mpaka ni milimita 5. Kipande cha upana huo au zaidi ni jiwe la mvua, na huandikwa GR katika taarifa za viwanja vya ndege. Kikipungua hapo, huwekwa kundi moja na vidonge vya theluji, huandikwa GS. Pima kile kikubwa kuliko vyote, na ukipime kwa rula. Magazeti yetu yanapenda kuandika mawe ya ukubwa wa yai, nami kila mara hubaki nikijiuliza: yai la kware au la bata? Kama huna rula, weka sarafu kando ya jiwe upige picha. Sarafu haibadiliki ukubwa, na mtu wa kituo ataweza kufanya hesabu baadaye.

Manyunyu, mvua na mvua ya kupita

Hapa ndipo wengi hudhani hakuna la kujifunza. Mvua ni mvua. Lakini kuna aina tatu za maji yanayoanguka, na zinatoka katika mawingu tofauti kabisa.

Manyunyu ni matone yasiyofika nusu milimita kwa upana, yaliyo karibukaribu. Hayaanguki wima, hupepea na kufuata upepo kama unga unaopepetwa. Yanalowesha nywele na sweta bila mtu kuhisi tone likimgonga. Tazama dimbwi: manyunyu hayaachi duara wala hayarushi maji. Hutoka katika wingu la chini lililotandaa kama dari, lile linaloifunika Nairobi asubuhi nyingi za Julai na Agosti, au linalokaa juu ya Lushoto. Ukiona matone madogo yanatoka kwenye wingu lililo juu sana, hiyo ni mvua nyepesi. Manyunyu hayawezi kutoka mbali hivyo, yangekauka kabla ya kufika.

Mvua ina matone ya nusu milimita au zaidi. Yanaanguka kwa nguvu yake, yanasikika majanini, yanaacha maduara kwenye dimbwi. Tone la milimita 2 hushuka zaidi ya mita 6 kwa sekunde, wakati la manyunyu halifiki mita 2. Kuna kikomo pia: matone ya mvua yakizidi milimita 5 au 6 kwa kawaida hupasuka yenyewe hewani kwa kusukumwa na upepo wa kuanguka kwake.

Mvua ya kupita ni ileile mvua kwa ukubwa wa matone. Tofauti ni tabia. Inaanza ghafla, inazidi ghafla, inakatika ghafla, na kati ya moja na nyingine jua huweza kutoka. Wingu lake ni la marundo, lenye ukuta na kingo. Watu wa Mombasa na Unguja wanaifahamu wakati wa kusi: inavuka bahari asubuhi, watu wanakimbilia chini ya vibaraza, baada ya robo saa mtaa umekauka. Mvua ya masika inayotanda tangu alfajiri hadi adhuhuri bila kubadilika sana ni kitu kingine, hata kama maji ndani ya kipimamvua yamelingana.

Juu ya aina, mtazamaji huongeza ukali. Kama ana kipimamvua, mvua isiyofika milimita 2.5 kwa saa ni nyepesi, hadi milimita 10 ni ya wastani, zaidi ya hapo ni kubwa. (Milimita moja ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Vituo vyetu husoma jumla ya siku saa 3 asubuhi.) Asiyekuwa na chombo hutumia macho:

- *Nyepesi*: unaweza kuona tone mojamoja likipita mbele ya ukuta mweusi.
- *Wastani*: tone mojamoja halifuatiki tena, maji yanaruka kidogo juu ya sakafu.
- *Kubwa*: inaanguka kwa mapazia, na maji yanaruka sentimita kadhaa kutoka kwenye lami.

Manyunyu hayapimwi kwa mizani hiyo. Manyunyu ya nusu milimita kwa saa yanahesabiwa tayari kuwa makubwa, na mara nyingi ukali wake hupimwa kwa kadiri yanavyofupisha umbali wa kuona.

Kuna na ile isiyofika. Turkana au Dodoma, mwisho wa kiangazi, utaona mikia ya kijivu ikining'inia chini ya wingu na kuishia hewani. Ni mvua ya kweli, imekaukia njiani katika hewa kavu. Kituo hakiiandiki kuwa mvua iliyonyesha hapo, hata kama mfugaji ameitazama nusu saa nzima kwa matumaini.

Kwa kifupi hadi hapa: dundo na tabaka hutambulisha jiwe, kupepea na dimbwi tulivu hutambulisha manyunyu, kuanza na kukoma ghafla hutambulisha mvua ya kupita.

Vile visivyoanguka

Kundi la pili halianguki, linaning'inia. Wenye kazi huliita vizuizi vya kuona: chochote kilicho hewani, kisicho mvua, kinachopunguza umbali ambao macho hufika. Hapa vipimo viwili vinatosha kuanzia. Cha kwanza ni umbali. Cha pili ni unyevu.

Umbali hupimwa kwa alama zisizohama. Kila kituo kina orodha ya alama zake: mnara wa simu uko mita 800, msikiti mita 1,500, kilima kilomita 6. Nawe unaweza kutengeneza yako kwa ramani ya simu. Usiku alama zinakuwa taa, na mtazamaji hukaa kwanza gizani dakika kadhaa macho yazoee. Anatazama pande zote, kwa maana upande wa ziwa unaweza kuwa umefungwa huku upande wa mji uko wazi. Umbali unaotawala ni ule ambao macho yanaufikia katika angalau nusu ya upeo wa macho.

Matone madogo ya maji yaliyoning'inia yakifupisha umbali hadi chini ya mita 1,000, huo ni ukungu. Kuanzia mita 1,000 hadi 5,000, ni kungugu. Kitu ni kilekile, matone ni yaleyale, ila kwa rubani tofauti ni kutua au kutotua. Ndege zinazotarajiwa Nairobi alfajiri wakati mwingine huishia Mombasa kwa sababu ya ukungu uliolala juu ya njia ya kutulia, nao mara nyingi umeyeyuka kabla ya saa 4 asubuhi. Huo ni ukungu wa usiku wenye anga safi: ardhi imepoteza joto, hewa inayoigusa imepoa, mvuke umegeuka matone. Ukungu wa Limuru ni wa namna nyingine. Hewa yenye unyevu imesukumwa ipande mteremko, ikapoa kwa kupanda. Dereva aliye Limuru anawasha taa na kusema kuna ukungu. Mtu aliye bondeni akitazama juu anasema kuna wingu mlimani. Wote wawili wanasema kweli, na kila mtazamaji huandika kutoka pale alipo.

Wakati mwingine ukungu haufiki kiunoni. Asubuhi bondeni utaona migongo ya ng'ombe lakini huoni miguu yao. Ukiwa umesimama unaona mbali, kwa hiyo huo huandikwa kuwa ukungu wa chini, ule usiozidi mita 2 kwa kimo, bila kudai kwamba macho yamezibwa.

Sasa unyevu. Vituo vina vipimajoto viwili ubavuni kwa ubavu, kimoja kikavu, kingine kimevikwa utambi uliolowa maji. Hewa ikiwa imejaa mvuke, maji ya utambi hayakauki, na vipimajoto viwili husoma karibu sawa. Hapo kinachokuziba macho ni ukungu au kungugu. Vikitofautiana sana, unyevu ukiwa chini ya asilimia 80 hivi, tafuta mshukiwa mkavu, hata kama kule mbali panaonekana peupe vilevile.

Vumbi, moshi, majivu

Washukiwa wakavu wanne ndio wa kukumbuka kwetu.

Utusitusi mkavu ni chembe ndogo mno za vumbi, chumvi na uchafu wa hewa, zisizoonekana mojamoja. Mlima mweusi wa mbali ukiutazama kupitia utusitusi huonekana wa bluu. Ukuta mweupe au wingu huonekana na rangi ya manjano. Kungugu haifanyi hivyo, hubaki ya kijivu.

Moshi una harufu ukiwa karibu, na jua la asubuhi au jioni hulifanya jekundu. Kati ya Juni na Septemba, majani yanapochomwa magharibi mwa Tanzania na upande wa Lubumbashi, moshi husafiri mbali hadi harufu ikapotea. Kinachobaki ni utusitusi, na hivyo ndivyo huandikwa. Nawaonya wageni wa Ziwa Victoria na Ziwa Nyasa: nguzo nyeusi inayopanda majini kama moshi, mahali pasipo na mashua wala moto, mara nyingi ni wadudu wa ziwani kwa mamilioni yao. Si hali ya hewa, ingawa wakifika nchi kavu watakuzuia kuona zaidi ya kungugu.

Vumbi ni la kahawia, na jua ndani yake hupauka. Swali la maana ni limefika kimo gani. Likipeperushwa chini ya kimo cha macho, chini ya mita 2, huitwa vumbi la kutambaa. Likizidi hapo ni vumbi la kupeperushwa, na hapo ndipo barabara hupotea. Chalbi na pembezoni mwa Turkana wanaona yote mawili. Waliohamia Kuwait au Dubai wanajua lile la upepo wa kaskazini-magharibi wa Juni na Julai, linaloweza kufunga mji siku nzima. Chamchela, ile nguzo ya vumbi inayozunguka uwanjani adhuhuri, ina alama yake peke yake kwa sababu haitegemei dhoruba. Inatosha ardhi iwe ya moto na upepo uwe mdogo.

Majivu ya volkano ni nadra, lakini Goma na Ngorongoro si mahali pa kuyasahau. Ol Doinyo Lengai ulirusha majivu mwaka 2007 na 2008 hadi kwenye malisho ya Wamasai. Nyiragongo ulilipuka tena Mei 2021. Yakisuguliwa kati ya vidole yanakwaruza, hayayeyuki majini, na mara nyingi yana harufu ya kiberiti. Usiyafute kwenye kioo cha gari kwa kitambaa kikavu. Ni vipande vya mwamba na kioo, yatakwaruza. Marubani huyaogopa kuliko kizuizi kingine chochote, kwa sababu huyeyuka ndani ya injini na kuiziba, kwa hiyo majivu huripotiwa hata kama macho yanafika mbali.

Yanapokuja pamoja

Maisha hayaleti kitu kimoja kimoja. Manyunyu ndani ya ukungu ni jambo la kawaida Limuru, na yote mawili huandikwa, kwa sababu yote mawili yanafupisha macho. Mvua ya kawaida peke yake ikifupisha macho, huna haja ya kuongeza kungugu ili kuhalalisha, mvua imetosha. Mvua ikija na mawe huandikwa pamoja, na mvua iliyopita isichanganywe na inayonyesha sasa hivi.

Na radi? Hiyo huandikwa kwa sikio. Umeme unaomulika mbali upande wa ziwa usiku bila mngurumo haufanyi kituo chako kuwa na dhoruba ya radi. Ngurumo ikisikika, hata kama hakuna tone lililoanguka, dhoruba ipo kituoni. Katika taarifa za viwanja vya ndege, huhesabiwa imekwisha dakika 10 baada ya ngurumo ya mwisho kusikika. Ikinguruma tena dakika ya tisa, mtazamaji anaanza kuhesabu upya.